Moïse Tshombe na kasha ya Union Minière

Mwisho wa mwezi wa 7, mwaka 1964, mutu mumoja alishuka na ndege hapa kwetu Kisangani. Wakati ule muji ulikuwa unaitwa bado Stanleyville. Watu walitoka kumwangalia, na wengi walimupigia makofi. Akaenda mpaka ku ukumbusho wa Patrice Lumumba, akaweka maua pale chini.

Mutu ule alikuwa Moïse Tshombe, waziri wa kwanza mupya wa Congo. Na ile maua aliiwekea mutu mwenye aliuawa mu Katanga miaka tatu na nusu mbele, wakati Tshombe mwenyewe alikuwa anajiita prezida wa Katanga. Siku kidogo nyuma, Simba wakaingia mu Kisangani. Miezi ine nyuma, maparakomando wa Ubelgiji wakashuka ku kiwanja cha ndege cha Simi-Simi.

Wazee wa hapa wanakumbuka ile mambo, lakini wanaikumbuka kama mambo ya bunduki. Mimi ni mutu wa sendika. Nazoea kuuliza feza ilitoka wapi na ilienda wapi. Leo nataka tufuate maisha ya Tshombe kwa njia hiyo: nani alilisha chama chake, na nani alikuja kulipa deni.

Tshombe alizaliwa tarehe 10/11/1919 ku Musumba, mu inchi ya Walunda, kusini-mangaribi ya Katanga. Hakuzaliwa mu umasikini. Familia yake ilikuwa ya ukoo wa Mwaant Yav, mufalme wa Walunda, na baba yake Joseph Kapenda Tshombe alikuwa mufanyabiashara tajiri, mu wakati wenye Mweusi tajiri alikuwa wa kuhesabia ku vidole. Moïse alisoma kwa wamisionere Wamethodiste wa Amerika, nyuma akajifunza mambo ya kontabilite. Akaoa binti ya Mwaant Yav. Baba alipokufa mwaka 1951, mutoto mukubwa akashika maduka na biashara yote. Haikumwendea vizuri. Alianguka na madeni, akasimama, akaanguka tena. Watu walimujua kama mutu wa kufurahisha, mwenye kuvaa na kusema vizuri, lakini feza haikukaa mu mikono yake. Nyuma, magazeti ya Wazungu ilimupa jina la Bwana Tiroir-caisse, ni kusema Bwana Kasha ya makuta. Jina lile lilikuwa la zarau, na si haki kucheka mutu juu biashara yake ilianguka. Wangapi kati yetu tulifungua kaduka na tukafunga? Lakini tuliweke mu kichwa.

Sasa tuangalie ule mwenye alikuwa na kasha ya kweli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ilikuwa kompanyi, lakini mu Katanga ilikuwa zaidi ya kompanyi: nyumba ya mufanyakazi ni yake, hospitali ni yake, masomo ya watoto, posho ya unga, mupira wa siku ya yenga. Kazi ilitoka kwake na adabu pia. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi walipogoma juu ya mishahara, serikali ya koloni ilituma maaskari, wakapiga watu risasi mu stade ya Elisabethville, muji wenye leo ni Lubumbashi. Léonard Mpoyi, mwenye kusemea wagomaji, alikufa pale na wenzake wengi. Sisi wa sendika tunapaswa kujua jina hilo kuliko tunajua majina ya wacheza mupira. Nalileta hapa juu ya kuonyesha kitu kimoja: kompanyi ile ilijua tangu zamani kama chama cha watu wenyewe ni hatari kwake. Siku vyama vya siasa viliruhusiwa, haikukaa mikono mitupu.

Mwezi wa 12 mwaka 1957, Wabelgiji waliachilia uchaguzi wa kwanza mu manispaa za muji mikubwa. Ku Elisabethville, watu wa kutoka inje ya Katanga njo waliupata ubukumesta, zaidi sana watu wa Kasaï, wenye kompanyi yenyewe ilikuwa imewaleta kutumika mu shaba. Wenyeji wa kusini waliona vibaya. Mwezi wa 10 mwaka 1958 wakaunda Conakat, muungano wa mashirika ya makabila ya Katanga. Godefroid Munongo alikuwa mbele, na mu mwaka 1959 Tshombe akawa prezida.

Uchungu wa wenyeji ulikuwa wa kweli, sitaki kusema ni kompanyi iliutunga. Mutu anazaliwa juu ya shaba, anaona kazi nzuri inaenda kwa mugeni, lazima roho imuume. Lakini angalia nani alikuja kukaa karibu na ule uchungu. Walowezi Wazungu wa Katanga walikuwa na chama chao, Union Katangaise. Mwaka 1959 kikajiunga na Conakat. Na Union Minière ikatoa feza. Chama cha watu wenye kulalamika juu ya kazi kikaanza kulishwa na mwenye kugawa kazi! Mwisho wa mwaka ule, Balubakat ya Jason Sendwe, ni kusema Waluba wa Katanga yenyewe, ikatoka mu Conakat. Sendwe na wenzake walitaka Congo moja. Conakat ilitaka Katanga ikae na mali yake, kwanza mu federasyo, nyuma tutaona.

Hii haikuwa ya Katanga peke yake. Mu Congo muzima kulikuwa chama kimoja kinaitwa PNP, Parti National du Progrès, chenye wakubwa wa koloni walipenda sana. Watu wakageuza ile herufi tatu, wakasema ni Parti des Nègres Payés, chama cha Weusi wa kulipwa. Hapa kwetu, mu Province Orientale, watu walikiona na wakachagua MNC ya Lumumba karibu fasi zote. Na tuseme kweli yote: Lumumba pia maadui wake walimushitaki kama anapokea feza ya inje, na mbele ya siasa alikuwa amefungwa hapa hapa Stanleyville juu ya makuta ya poste. Hakuna chama kilienda kampeni na mikono mitupu. Tofauti ni nani anakulipa na anataka nini kwako.

Ngoja niseme moja ya kwangu. Mu uchaguzi mumoja wa hizi miaka, kandida alifika ku chimbo yetu na matriko, sukari na makazie ya bière. Alitafuta kwanza sisi wadelege wa sendika. Tulijua vizuri kama nyuma yake kuko munene mumoja mwenye kununua mawe yetu. Tulikunywa. Mimi pia nilivaa triko, na nilivaa tena siku ya pili juu ilikuwa mupya. Nyuma ya uchaguzi, bei ya mawe ilishuka, na mwenye kuishusha alikuwa ule munene. Tulipoenda kwa mubunge wetu, tulikaa ku mulango kutoka asubui mpaka saa kumi. Hakutoka. Bibi yangu aliniuliza, munamulaumia nini, alisha kuwalipa. Paka leo sijapata jibu.

Turudie kwa Tshombe. Mwezi wa 5 mwaka 1960, uchaguzi wa inchi nzima. Mu bunge ya Léopoldville, Conakat ilipata kiti 8 tu juu ya 137. Mu bunge ya Katanga ilipata 25 juu ya 60, na Balubakat pamoja na wenzake 23. Ni karibu sawa. Sheria ilisema wabunge wa mbili juu ya tatu wawe ndani juu ya kuweka serikali ya provense. Balubakat ikatoka inje ili Conakat isitawale peke yake. Katikati ya mwezi wa 6, wiki mbili mbele ya uhuru, Ubelgiji ikabadili ile sheria. Conakat ikaunda serikali peke yake na Tshombe akawa mukubwa wa Katanga. Nusu ya watu wa Katanga walikuwa hawamutaki, lakini kasha na sheria vilikuwa upande wake.

Uhuru ulifika tarehe 30/06/1960. Tarehe 5/07 maaskari wa Force Publique wakaasi. Tarehe 11/07 Tshombe akatangaza Katanga ni inchi ya peke yake.

Hapa feza inaonekana wazi, haiko tena chini ya meza. Vitabu vya historia vinaandika kama Union Minière ilimutolea Tshombe milyari 1,25 ya franka za Ubelgiji. Na tangu siku ile, kodi na haki zote zenye kompanyi ilipaswa kulipa kwa serikali ya Congo ku Léopoldville, ililipa ku Elisabethville. Mwaka 1960 Union Minière ilitosha tone elfu 300 hivi za shaba, na Congo muzima ilikuwa inategemea Katanga kwa karibu nusu ya feza yake. Serikali ya Lumumba ilikuwa na siku 11 tu, na tayari mufuko wake ulikatwa katikati. Mushahara wa mwalimu wa Stanleyville, dawa za hospitali ya Bukavu, soldo ya askari wa Luluabourg, vyote vilikuwa ndani ya ile shaba.

Kompanyi ilijitetea kama inalipa yule mwenye kutawala pale fasi iko, basi. Jibu hilo ni la kontabilite, na ku karatasi linasimama. Lakini ule mwenye kutawala pale, nani alimulisha tangu alipokuwa na chama kidogo cha makabila?

Feza ile ilifanya nini? Ililipa jandarmeri ya Katanga na wafisye wake Wabelgiji. Ililipa maaskari wa kukodiwa, wale wazee wetu wanaita mamerseneri. Ililipa bendera yenye misalaba ya shaba, makuta ya Katanga, na biro za kutangaza Katanga inje, mpaka New York. Hakuna inchi hata moja ilikubali Katanga kwa wazi. Wachimbaji waliendelea kushuka mu shimo kila asubui, mishahara ilifika, na wengi wa kusini walimupenda Tshombe kwa kweli. Waliona muji safi na unga mu duka, wakati Congo ingine inawaka. Mutoto wa mufanyakazi wa zamani wa Lubumbashi anaweza kukuambia paka leo kama ilikuwa miaka mizuri.

Kwa wengine haikuwa mizuri. Kaskazini ya Katanga, kwa Waluba wa Sendwe, jandarmeri ilienda kuchoma vijiji, na vijana wa Balubakat pia waliua bila huruma. Mu Elisabethville yenyewe, mu mwaka 1961, Waluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kulala mu kambi chini ya ulinzi wa maaskari wa ONU. Wengi wao walikuwa wafanyakazi na familia zao, watu wenye walijenga ule muji kwa nguvu zao. Chama kilianza na neno la mwenyeji na mugeni, na feza ya kompanyi ikapatia neno lile bunduki. Mwaka 1992, wakati watu wa Kasaï walifukuzwa tena mu Likasi na Kolwezi na kujazana ku magare ya train, neno lilikuwa lile lile.

Tarehe 17/01/1961, ndege ilileta Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito ku Elisabethville, wamefungwa na kupigwa. Usiku ule wakapigwa risasi mu pori. Tshombe alikataa miaka yote kama mukono wake haukuwa mule. Miaka 40 nyuma, bunge ya Ubelgiji iliweka komisyo ya kuchunguza, na mwisho wa mwaka 2001 ikasema kama wakubwa wa Katanga, Tshombe kati yao, walikuwa pale wakati wa kuua, na wafisye Wabelgiji pia. Komisyo ile ilifungua hata vitabu vya feza. Ilikuta serikali ya Ubelgiji ilitumia feza ya siri, hesabu yake ikifika milyoni 50 za franka za wakati ule, juu ya kusaidia wanasiasa na magazeti ya kupinga Lumumba. Mwaka 2002 Ubelgiji ikaomba musamaha. Na Amerika mwaka 2013 ilichapa karatasi zake za zamani zenye kuonyesha namna CIA ililipa wanasiasa wa Léopoldville, Mobutu ndani. Basi Tshombe hakuwa peke yake mu soko. Alikuwa tu mwenye muuzaji wake alijulikana mapema.

Mwezi wa 9 mwaka 1961, Dag Hammarskjöld, mukubwa wa ONU, alikufa mu ndege karibu na Ndola akienda kuonana na Tshombe. Mwaka 1962, U Thant mwenye alimurizi alipendekeza feza ya shaba igawanywe nusu kwa nusu kati ya Léopoldville na Katanga. Tshombe alikubali kwa kinywa, akavuta siku, akaenda, akarudi. Mwezi wa kwanza mwaka 1963 maaskari wa ONU wakaingia mpaka Kolwezi na mambo ikaisha. Tshombe akaenda Espagne. Maelfu ya majandarme wake wakavuka Angola na silaha zao. Tutakutana nao tena, na si mbali: ni hapa Kisangani.

Nyuma ya mwaka mumoja na nusu Kasavubu akamuita. Mashariki yote ilikuwa inawaka, jeshi linakimbia, na watu wa Léopoldville wakafikiri mutu mwenye alijua kupata feza na bunduki ataweza. Tarehe 10/07/1964 akawa waziri wa kwanza, njo wakati aliweka maua yake hapa. Sijui mu roho yake alifikiri nini akiinama pale, na sitatunga.

Mwanzo wa mwezi wa 8 Simba walishika muji bila vita kubwa. Wazee wanaita tu wakati wa Mulele. Mbele ya ule ukumbusho wa Lumumba wenye Tshombe aliweka maua, watu walichinjwa: makarani, wakubwa wa kazi, wale walijua kusoma, wale jirani aliwachongea. Tshombe akarudia njia yake ya Katanga. Aliita mamerseneri wa Mike Hoare, aliita majandarme wake kutoka Angola, Amerika ikaleta ndege, na kolonel Vandewalle wa Ubelgiji akapanga safari ya kuja Kisangani kwa barabara. Tarehe 24/11/1964 asubui maparakomando wakashuka. Wazungu zaidi ya 1.500 waliokolewa, 60 hivi walikufa. Wacongomani wenye walikufa siku ile na wiki zenye zilifuata, hakuna mutu aliwahesabu vizuri. Familia moja moja inajua wake. Kwa ngambo ya kushoto, ku Lubunga, mambo ilikawia tena kuisha, na walikufa huko wamisionere na wenyeji.

Mwezi wa 2 mwaka 1965 Tshombe alifanya kitu chenye kilimupatia sifa kubwa. Alienda Bruxelles kuzungumuza na waziri Spaak, akarudi na mukoba. Ndani kulikuwa karatasi za mali ya Congo mu makompanyi, na haki ya Congo ndani ya Union Minière pia. Mbele kidogo ya uhuru Wabelgiji walikuwa wamevunja Comité Spécial du Katanga, na kwa kufanya vile Congo ilipoteza nguvu yake ya kuamuru mu kompanyi. Watu walishangilia mukoba ule kama vile umejaa noti. Lakini makaratasi si noti, na uamuzi juu ya shaba ulibaki Bruxelles. Mutu mwenye kompanyi ilimulisha alienda kuiomba mali ya inchi, akarudishiwa kipande. Angeweza kugonga meza? Labda. Mimi nafikiri mutu ule hakuwa na mukono wa kugonga.

Mwezi ule ule akaunda Conaco, muungano wa vyama vidogo karibu 50, na mu uchaguzi wa 1965 ikapata viti 122 juu ya 167. Ushindi mukubwa ule ulimuua mu siasa. Kasavubu aliogopa kupoteza kiti cha prezida, akamufukuza tarehe 13/10. Akaweka Évariste Kimba, wabunge wakamukataa. Tarehe 24/11/1965, mwaka mumoja kamili nyuma ya maparakomando kushuka Kisangani, Mobutu akashika mamlaka. Mwaka 1966 alinyonga Kimba na wenzake tatu mbele ya watu. Tshombe alikuwa alisha kukimbia tena.

Na wale majandarme? Walibaki hapa, ndani ya jeshi la Mobutu, bila kulipwa vizuri, wakingojea bwana wao. Mwezi wa 7 mwaka 1966 wakaasi mu Kisangani, wakamuua kolonel Tshatshi. Ni ule mwenye kambi ya Kinshasa ina jina lake. Walishindwa mwezi wa 9, na wengi wao waliuawa. Tarehe 5/07/1967 Jean Schramme na mamerseneri wakashambulia tena Kisangani, nyuma wakakimbilia Bukavu mpaka mwezi wa 11. Mara tatu mu miaka tatu muji wetu ulipigwa na watu wenye walilipwa mara ya kwanza na kasha ya shaba. Kisangani haikupata hata kilo moja ya shaba ile.

Tshombe hakuona mwisho wa ile vita. Mwezi wa 3 mwaka 1967 tribinali ya Kinshasa ilimuhukumu kufa bila yeye kuwa pale. Tarehe 30/06/1967, siku ya uhuru, ndege yenye alipanda ku Espagne ilitekwa na Mufaransa mumoja, Francis Bodenan, ikapelekwa Algérie. Tribinali ya Alger ilikubali arudishwe kwa Mobutu, lakini prezida Boumédiène hakumutoa. Alikaa kufungwa miaka mbili. Tarehe 29/06/1969 wakatangaza amekufa na moyo. Alikuwa na miaka 49.

Wakati huo Union Minière ilikuwa alisha kubadili bwana. Tangu tarehe 1/01/1967 Mobutu aliipokonya, ikawa Gécomin, nyuma Gécamines. Wengi walifikiri, sasa shaba ni ya watu. Mwezi wa 5 mwaka ule ule akaunda MPR, na mutoto wa Zaïre akawa munemba tangu tumbo la mama. Mbele kompanyi ilikuwa inalisha chama. Sasa chama kilikuwa ni Leta, na Leta ilikuwa na kompanyi. Hakukuwa tena na mutu wa inje wa kuuliza. Na sendika? Iliunganishwa yote kuwa moja tu, UNTZA, chini ya chama. Wazee wetu walilipa koti ya sendika ku mushahara kila mwezi, na sendika ile iliwaimbisha animasyo.

Leo Katiba inasema Leta inaweza kusaidia vyama na feza ya watu wote, na kuko sheria ya mwezi wa 6 mwaka 2008 juu ya hiyo. Ku karatasi iko nzuri. Ku chimbo tunaona bado matriko, na hakuna mutu anatuonyesha ni nani alilipa. Mu mukutano wetu wa sendika mwezi ule ulipita, tulikubaliana delege yeyote mwenye kupokea kitu cha kandida akitangaze mbele ya wote, na kiandikwe mu kaye. Ndugu wawili walikataa kuweka sinyatire. Mimi niliandika ile triko yangu kwanza.

Mwaka 2022, jino la Lumumba, kitu kimoja tu chenye kilibaki ku mwili wake, lilirudi kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku na likapita hapa Kisangani mbele ya kuzikwa Kinshasa. Barabara zilijaa. Tshombe yeye alizikwa Ubelgiji, mu makaburi ya Etterbeek, karibu na Bruxelles, na iko pale mpaka leo.